Albamu ya kwanza ya Interpol: maswali ambayo wasikilizaji wa Dodoma wanatuuliza kila mara

Ukurasa huu ni wa wanaokuja kusikiliza muziki pamoja nasi hapa Dodoma, na wa wanaotamani kuja lakini bado wana maswali. Utaratibu wetu ni mwepesi. Tunachagua albamu moja, tunaipiga kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho bila kurukaruka, simu zikiwa zimezimwa, kisha kila mtu anasema alichosikia. Tumepiga taarabu, dansi, kwaya na muziki wa Kongo. Iliyotugawa kuliko zote ni "Turn On the Bright Lights", albamu ya kwanza ya Interpol, bendi ya roki ya indi ya New York. Wapo wanaoomba irudiwe, na wapo walioondoka wamenuna. Maswali haya yanarudi kila tunapoipiga, nami nayajibu kama ninavyoyajibu uani kwetu.

Tuanze na msingi. Hiyo ni albamu gani, na ya akina nani?

Ilitoka Agosti 2002 kupitia Matador Records, kampuni ya New York. Ina nyimbo 11 na inachukua kama dakika 49. Wakati ule bendi ilikuwa na watu wanne: Paul Banks akiimba na kupiga gitaa, Daniel Kessler kwenye gitaa, Carlos Dengler kwenye besi na kinanda, na Sam Fogarino kwenye drams. Kessler alianza kuikusanya mwaka 1997, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha New York. Fogarino aliingia mwaka 2000 kuchukua nafasi ya mpiga drams wa mwanzo.

Hiyo miaka mitano kabla ya albamu kutoka ina maana kubwa. Nyimbo za albamu ya kwanza huwa zimepigwa kwenye kumbi ndogo kwa muda mrefu kabla mtu hajazilipia studio, na zilizo dhaifu huwa zimeshaachwa njiani. Albamu ya pili bendi huitunga ikiwa safarini, kampuni ikisubiri, mashabiki wakisubiri. Kwa hiyo tunapenda kusikiliza za kwanza: ndani yake unasikia miaka ambayo hakuna aliyekuwa anaisubiri bendi hiyo.

Interpol si ni polisi wa kimataifa?

Hao wapo pia. Hapa tunazungumzia bendi.

Na roki ya indi ni muziki wa namna gani?

Ni roki iliyokulia kwenye kampuni ndogo za muziki zinazojiendesha zenyewe, nje ya makampuni makubwa. Bendi nyingi za aina hiyo hazipigi gitaa kwa kujionyesha, huimba mambo ya ndani ya mtu, na hazina haraka ya kufika kwenye kiitikio cha kuinua ukumbi mzima.

Watu wa Dodoma tuna shida zetu. Kwa nini tuhangaike na huzuni ya New York?

Swali hili huulizwa kwa ukali kidogo, na nalipenda kwa sababu hiyo.

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini wengi tuliowaona wakishusha magodoro Nkuhungu, Kisasa na Iyumbu walikuja baada ya 2016, serikali ilipoamua kuhamia kwa dhati. Mwaka 2018 tukawa jiji. Kuna mtumishi aliyeacha mke na watoto Dar es Salaam kwa sababu shule ya watoto iko kule. Kuna mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliyetoka Kigoma na hajazoea upepo wa huku. Kuna fundi ujenzi aliyefuata kazi Ihumwa akabaki. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, baadhi yao wakapata njia ya kurudi kwao kila Ijumaa, na wanaobaki hapa mwisho wa wiki wanajua ukimya wa nyumba ya kupanga ambayo vyumba vitatu kati ya vinne vimefungwa kufuli.

Sasa sikiliza wimbo wa tatu, "NYC". Mtu yuko peke yake usiku, amechoka na upweke, anajizoesha kutojali. Kiitikio kinakuja kikisema kwamba jiji linajali. Jina la albamu limetoka humo humo, pale anapojiambia kuwa sasa ni juu yake, taa kali ziwashwe. Hapo ndipo ubishi wetu mkubwa unapoanzia: anaposema jiji linajali, anaamini, au anajibembeleza? Watumishi waliohamia huku wakiwa na familia mbali karibu wote wanasema anajibembeleza. Vijana wa chuo wanasema anaamini. Mimi niko upande wa vijana, kwa sababu ya namna wimbo unavyomalizika: sauti zinaongezeka, magitaa yanapandana, na kile ambacho mwanzoni kilikuwa cha mtu mmoja kinaimbwa na wengi. Mtu anayejidanganya haaliki wenzake waimbe naye.

Hiyo huzuni imeandikwa New York na inabaki kuwa ya New York. Ila mgeni katika jiji kubwa anafanana na mgeni mwenzake popote alipo.

Sijui Kiingereza vizuri. Nitaambulia nini?

Pengine utaambulia zaidi ya wanaokijua. Sisemi hivi kukufariji. Nimeona mara nyingi kwamba asiyefuatilia maneno anaiingia albamu hii haraka, kwa sababu masikio yake yanakwenda moja kwa moja kwenye besi na magitaa, na kazi kubwa ya albamu iko huko. Dada mmoja anayeuza vitambaa soko la Majengo alisikiliza "Untitled", wimbo wa kwanza, akasema anamsikia mtu anayefika mahali na kukuta hawamtarajii. Wimbo una mashairi mafupi mno, na alichosema hakiko mbali nayo. Alikipata kwenye gitaa linaloanza peke yake, kisha besi na drams zinapoingia taratibu chini yake.

Na wanaokijua Kiingereza wanasemaje kuhusu mashairi?

Wanalalamika, na wana haki. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja na karatasi yenye mashairi yote, amepigia mstari kila sehemu isiyoshikamana na inayofuata. Karatasi ilikuwa imejaa mistari. Katika "Roland" kuna rafiki mchinja nyama mwenye visu vingi, na haijulikani alitoka wapi wala anakwenda wapi. "Leif Erikson", wimbo wa kufungia, umepewa jina la baharia wa kale wa Skandinavia, na ndani yake hakuna bahari ya maana, kuna mwanamke na mwanamume wasioelewana.

Sisi tumelelewa na shairi lenye vina, mizani na ujumbe. Hata wimbo wa dansi wa kulalamikia mapenzi una kisa: fulani kaondoka, fulani kabaki na watoto. Kwa msikilizaji wa aina hiyo, Banks anaonekana kama mtu aliyekata barua vipande na kutupa nusu yake. Maoni yangu ni kwamba kuna sehemu ambazo mashairi yameshindwa kabisa, na kuyatetea yote ni kumfunika kijana wa miaka 24 kwa sifa asizozihitaji. Lakini sehemu nyingine vile vipande vinafanya kazi. Mtu aliyeumia hasimulii kwa mpangilio. Anaanza na rangi ya kiti, anaruka kwenye jambo alilosema mama yake, ananyamaza. "Stella Was a Diver and She Was Always Down" imejengwa hivyo, na huo ndio wimbo ambao hata mwalimu wetu alikiri kwamba alirudi nyumbani akiuwaza.

Wapenzi wa zilipendwa wanausikiaje muziki huu?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipojifunza mengi.

Anayekuja kwetu akiwa na masikio ya dansi haanzi na mwimbaji. Anahesabu magitaa. Bendi zetu za zamani zilimzoesha msikilizaji kutenganisha kazi: gitaa la solo linaimba, gitaa la kati linajaza na kushika mwendo, gitaa zito linabeba nyumba nzima. Mtu aliyekua akisikiliza Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe anajua kwamba mwimbaji anaponyamaza wimbo haujasimama. Ndipo magitaa yanapopata nafasi ya kuongea. Dansi ililifanya hilo kuwa umbo: kwanza sehemu ya uimbaji, taratibu, na beti zake, kisha chemko, pale ala zinaposhika usukani na watu wanainuka.

Mzee mmoja aliyewahi kupiga gitaa la kati aliisikiliza "PDA" akiwa ameinamisha kichwa. Ulipofika katikati, uimbaji ukasimama, magitaa mawili yakabaki yakijibizana peke yao na drams zikarudi baadaye, akainua kidole watu wanyamaze. Wimbo ulipoisha akaomba urudiwe kuanzia pale pale. Hakusema neno hata moja kuhusu mwimbaji. Aliniambia baadaye kwamba hilo ni chemko lililokataa kuongeza kasi. Sijasoma mahali popote maelezo ya wimbo huo yanayokaribia hayo. Na ni kweli: muundo ule wa kumwachia mpiga gitaa amalize habari aliyoianza mwimbaji upo, lakini hakuna anayealikwa kucheza. Nguvu inapanda, na mwili unabaki umekaa. Nadhani huzuni ya albamu hii inatoka hapo hapo, kwenye furaha inayotayarishwa na kisha kuzuiwa.

Besi nayo. Katika bendi nyingi za roki besi hutembea chini ya gitaa na kulifuata. Dengler hafuati. Katika "Stella" ndiye anayekupeleka mbele, na gitaa la Kessler linakuja juu yake kwa noti chache zinazolia na kukaa hewani. Katika "The New", wimbo wa zaidi ya dakika 6, nusu ya kwanza ni laini kabisa, kisha besi inabadilisha sura na wimbo wote unageuka kuwa kitu kingine, kikavu na chenye hasira. Mpenzi wa dansi anayajua mageuzi ya aina hiyo. Asiyeyajua huuliza kama tumebadilisha wimbo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wageni ni huu: kwenye "PDA" fuata magitaa, kwenye "Stella" fuata besi peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, na kwenye "Obstacle 1" fuata drams za Fogarino. Mwimbaji muache mpaka mara ya pili.

Si wazee wote waliokubali. Mmoja alisema magitaa ni mazuri lakini hayana ukarimu, hayamwachii msikilizaji mahali pa kuingia. Nimelifikiria sana hilo, na sina jibu la kumshinda.

Kwa nini mwimbaji anaimba kama hajali?

Paul Banks ana sauti nzito, anaimba akiwa ameinyoosha, hapandi wala hashuki sana, na mara nyingi anarudia noti moja mpaka inakuwa kama msumari. Wanaompinga wanasema anasoma tangazo. Wanaompenda, na mimi nimo, tunamsikia kama yule ndugu wa marehemu anayepanga viti kwenye matanga, anayepokea wageni, anayeuliza kama chai imetosha, na kila mtu anajua kwamba asiyelia ndiye aliyebeba zito.

Ila msikilize vizuri kwenye "Obstacle 1" na mwishoni mwa "NYC". Pale sauti inakatika kingo. Si kwamba hajali. Anajizuia, na anashindwa mara chache. Hizo mara chache ndizo zinazoipa albamu uzito wake.

Ni kweli wamewaiga Joy Division?

Hili ndilo lalamiko la kale kuliko yote dhidi ya albamu hii. Joy Division ilikuwa bendi ya Manchester, Uingereza. Albamu yao ya kwanza, "Unknown Pleasures", ilitoka 1979, na mwimbaji wao Ian Curtis alifariki Mei 1980, kabla bendi haijafika Marekani kwa ziara yake. Sauti nzito, besi inayoongoza, nguo nyeusi nadhifu: ukiweka albamu hizi mbili sambamba utaona undugu mara moja.

Tuliwahi kuziweka sambamba. Baada ya hapo waliokuwa wakali zaidi walipoa. Joy Division ni wakavu, ala zao zimeachana nafasi kubwa kati yake, na unasikia baridi ya chumba. Interpol wamejaza. Magitaa mawili yanafunika kila mahali, na nyimbo kama "Say Hello to the Angels" zina wepesi wa miguu ambao Curtis na wenzake hawakuutafuta. Kurithi si dhambi. Dansi yetu ilichukua rumba ya Kongo na ya Kuba, ikaifanya ya kwetu, na hakuna anayeiita wizi.

Albamu inahusu mashambulizi ya Septemba 11?

Haikutungwa kwa ajili hiyo. "PDA" ilikuwa imeshatoka tangu mwaka 2000 kwenye rekodi fupi ya kampuni moja ya Uskoti, Chemikal Underground, kabla ya minara kuanguka. Lakini albamu ilirekodiwa Novemba 2001, miezi miwili baada ya shambulio, na ikawafikia watu Agosti 2002, jiji likiwa bado linaomboleza. Wasikilizaji wa New York wakaweka msiba wao ndani yake. Wimbo ukishatoka, anayeusikiliza ana haki ya kuutumia kwa msiba wake. Tunachokataa ni kumpa mtunzi nia ambayo hakuwa nayo.

Kwa nini kila kitu kinasikika kama kinatoka mbali?

Kwa sababu ya mwangwi. Ilirekodiwa Tarquin Studios, Bridgeport, jimbo la Connecticut, chini ya Peter Katis, na Gareth Jones akashiriki kuitayarisha na kuchanganya sauti. Magitaa yamepewa mwangwi mrefu, kwa hiyo noti iliyopigwa inaendelea kuning'inia wakati inayofuata imeshaanza. Besi na drams zimeachwa karibu na kavu zaidi. Masikio yako yanapata mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na mwimbaji amewekwa katikati.

Halafu kuna suala la spika. Mara nyingi gitaa moja liko upande wa kushoto na jingine kulia. Ukisikiliza kwa spika ndogo ya simu, mazungumzo yao yanakuwa sauti moja ya kelele. Waliosema albamu inachosha, wengi walikuwa wameisikiliza hivyo kwanza. Tumia hedfoni zenye pande zote mbili nzima, au njoo usikilize kwetu.

Wasikilizaji wenu wanapenda nyimbo zipi, na zipi zinawachosha?

"Untitled", "NYC", "PDA" na "Stella" hazina upinzani mkubwa. "Obstacle 1" inapendwa na vijana. "Hands Away" ni fupi na tulivu, na watu wanaipita bila kuiona mpaka mtu awaombe wairudie. Mimi ni mmoja wa wanaoomba.

Panapolegea ni baada ya hapo. "Obstacle 2" haifikii nusu ya ndugu yake wa kwanza, na "Roland" ina kasi bila mwelekeo. Kuna wanaosema kwamba mlegeo ule unaifanya "Stella" ije na uzito zaidi. Huo ni utetezi wa mapenzi tu. Wimbo dhaifu ni dhaifu.

Wahakiki walisemaje ilipotoka?

Jarida la mtandaoni la Pitchfork liliipa alama 9.5 kati ya 10 na kuiweka ya kwanza kwenye orodha yake ya albamu za mwaka 2002. Wapo walioiona nakala ya mambo ya zamani. Muda umeipendelea: mwaka 2012 ilitolewa upya kwa kutimiza miaka 10, na mwaka 2017 bendi ilizunguka ikiipiga yote jukwaani kwa kutimiza miaka 15. Alama za wahakiki hatuzisomi kabla ya kusikiliza. Mtu akishaambiwa 9.5 anatafuta 9.5, na akiikosa anadhani tatizo ni yeye.

Ni muziki wa kishetani? Naweza kuja na mtoto?

Hakuna shetani ndani yake, hakuna ibada, hakuna matusi kwa dini ya mtu. Mavazi yao ya suti nyeusi yamewaogopesha baadhi ya wazazi bila sababu. Lakini nitasema wazi: kuna lugha ya chumbani sehemu kadhaa, ikiwemo kwenye "NYC" yenyewe. Mtoto mwenye Kiingereza cha kutosha ataielewa. Mzazi asikilize kwanza, kisha aamue. Jioni za albamu hii tunapokea kuanzia waliomaliza kidato cha nne.

Nina huzuni tayari. Muziki huu hautanizidishia?

Kwa baadhi ya watu muziki wa huzuni unapunguza mzigo, kwa sababu wanakuta mwingine amelisema walilolishindwa. Kwa wengine unachimba. Wewe ndiye unayejijua, na kama nyimbo mbili za kwanza zinakubana kifua, toka nje, kaa uani, hakuna atakayekuuliza.

Na kama huzuni imekaa wiki kadhaa, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usitafute albamu. Mwambie mtu wako wa karibu leo, nenda hospitali. Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, na inaniuma kwamba jina lake limegeuzwa kuwa tusi la mtaani. Wapo watu waliotoka pale wakaendelea na kazi zao na kulea watoto wao. Kwenda kule ni sawa na kwenda kutibiwa figo.

Mko kwenye nchi ya Wagogo. Kwa nini msisikilize muziki wa Wagogo?

Tunausikiliza, na tulianza nao. Hukwe Zawose alizaliwa katika vijiji vya Dodoma, akaibeba ilimba, ala ya ndimi za chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze la nyuzi mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya, na mwaka ule ule wa 2002 alitoa "Assembly" pamoja na mpiga gitaa wa Kanada Michael Brook. Alifariki Desemba 2003. Ukitaka kusikia muziki huo ukiwa hai nenda Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, uwasikie wanawake wakipiga muheme, ngoma wamezibana mapajani.

Kuna jambo moja ambalo wasikilizaji wetu wa Kigogo waliligundua bila kuambiwa na mtu. Ilimba inarudia mzunguko mfupi, unarudi na kurudi, na mabadiliko ni madogo kiasi kwamba asiyetulia anasema hakuna kinachotokea. Kessler anapiga gitaa kwa namna hiyo: mzunguko mfupi, usiochoka, unaobadilika kwa noti moja. Sisemi kwamba Kessler na wapiga ilimba wameigana. Ila mtu aliyelelewa na ilimba ana subira ambayo muziki huu unaihitaji, na jioni zetu ni wao wanaokaa mpaka wimbo wa 11.

Bando kiasi gani litatumika nikiisikiliza mtandaoni?

Kwa ubora wa kati, albamu nzima ni kama MB 60. Ukishusha ubora inaweza kufika MB 35. Video zinakula zaidi, kwa hiyo chagua sauti tupu. Zima uchezaji wa kuchanganya; mpangilio wa nyimbo ni sehemu ya kazi yao.

Lazima niipende?

Hapana. Sema tu ni wapi ilikupoteza, dakika ya ngapi, wimbo gani. "Sijaipenda" peke yake haitusaidii, na "ni kali sana" pia haitusaidii.

Albamu zilizofuata zinaifikia?

"Antics" ya mwaka 2004 ni nadhifu zaidi, mashairi yake yanashikika zaidi, na kuna jioni ambazo naipendelea. Inaanza na kinanda cha ogani, na mara moja unasikia bendi inayojua kwamba inasikilizwa. Dengler aliondoka mwaka 2010, na kwa masikio yangu besi haijarudi kuongoza kama ilivyoongoza mwaka 2002. Wazee wa dansi wanakubaliana nami kwa hilo, vijana hawakubali. "Antics" ndiyo tunayoipiga mwezi ujao, saa kumi jioni, na spika yetu moja imeanza kukwaruza upande wa kulia, kwa hiyo mwenye nyingine nzima atusaidie kuja nayo.